Kitako cha Gorogoro

Nyalenda, Kisumu, Jumanne jioni

Akinyi binti yangu,

Mambo ya neti ya mbu, ya sufuria, ya kutoazimisha nguo na ya kupiga simu ukifika, mama yako ameshakuambia mara tatu, na mara ya nne itakuja akirudi. Mimi sina la kuongeza hapo. Yeye yuko kwenye bomba la maji na foleni leo ni ndefu; wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Nina nyumba peke yangu kwa saa mbili hivi, na nataka kuzitumia kukuambia jambo ambalo nimelikwepa tangu kabla hujazaliwa.

Nitaanza na Jumapili.

Uliposimama mbele ya kanisa kuaga kabla ya kwenda chuo cha uuguzi, na lile gauni la bluu, nilijua utakachosema kabla hujafungua mdomo. Ulisema baba yako alikuwa na kibanda cha nafaka Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Kwamba kila mtu aliponunua gorogoro moja ya mahindi au maharagwe, baba alichota kiganja kingine akamwongezea juu, bila kuombwa. Kwamba fujo za baada ya uchaguzi zilipofika na watu wa kabila letu wakawa wanasakwa, mama mmoja mzee alikikumbuka kiganja hicho, akatuficha jikoni kwake siku nne. "Kiganja cha baba yangu ndicho kilichotuokoa," ulisema, "na mimi nitawauguza watu kwa kiganja hicho hicho."

Kanisa lote lilipiga makofi. Mchungaji akafuta macho. Mama yako aliangalia sakafu. Hukumwona, kwa sababu ulikuwa unaniangalia mimi.

Nilisikia kinyaa, Akinyi. Nilikuwa kama mtu aliyekunywa maji yaliyokaa kwenye ndoo ya samaki. Na katikati ya yale makofi nilisikia mtu anacheka benchi la nyuma. Wengine walidhani ni kicheko cha furaha. Mimi nakijua kicheko kile. Alikuwa Dani Akinyi, dani yaani nyanya kwa Kijaluo, yule mama aliyetuficha, mwenye jina lako, aliyepanda boda kutoka Otonglo na mgongo wake ule mbovu ili aje akuone ukiagwa. Tulipotoka nje alinishika mkono akasema, "Baba Njoroge, huyu mtoto anaongea vizuri sana. Ni nani alimfundisha hiyo maneno?"

Nilijifanya natafuta viatu vya mtu.

Sasa nisikilize.

Yale uliyosema kuhusu kiganja ni kweli. Nilikuwa naongeza. Sokoni Otonglo walikuwa wananiita Mzee Nyongeza, ingawa sikuwa hata na mvi. Wewe umekua ukiona gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili ambalo nusu ya nchi hii inapimia chakula chake, na unajua desturi yenyewe: muuzaji hujaza kopo hadi lifanye kichuguu, kisha mnunuzi hubaki amesimama, hasemi kitu, anangoja nyongeza. Wauzaji wengine hutupa punje tano kama wanaolisha njiwa. Mimi nilichota kiganja kizima, nikakimwaga polepole ili kila mtu akione, nikasema, "Mungu akubariki, mama."

Ambalo hujawahi kusikia ni habari ya kitako.

Kopo la gorogoro lina kitako bapa. Ukiligeuza, ukaweka jiwe la mviringo katikati, ukagonga kwa nyundo taratibu, kitako huingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ukiligeuza tena, ukalijaza, kwa juu ni kopo kama kopo lolote. Hakuna anayeona sakafu ya kopo lililojaa. Nilichokuwa nakichukua pale chini kilikuwa viganja viwili. Nilichokuwa nakirudisha pale juu, kwa baraka na tabasamu, kilikuwa kiganja kimoja.

Nililigonga kopo hilo mwenyewe. Mama yako alikuwa anafua nyuma ya kibanda, akasikia. Aliuliza, "Unatengeneza nini?"

"Kopo limebonyea."

"Limebonyea, ama unalibonyeza?"

Nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Jioni hiyo nilishukuru juu ya ugali kwa sala ndefu kuliko kawaida. Mama yako alifumba macho kama kawaida, lakini hakusema amina. Hajaniuliza tena habari ya kopo hilo mpaka leo, na katika miaka yetu yote hicho ndicho kimya chake ninachokiogopa.

Utataka kujua kwa nini. Nilikuwa na sababu, na nilikuwa naipenda. Unajua nilizaliwa Bonde la Ufa, kwa wazazi waliokuwa wametoka Murang'a kutafuta shamba. Nikiwa kijana tulifukuzwa huko, tukalala nje ya kanisa la watu tusiowajua, na baba yangu hakuinua kichwa tena mpaka alipokufa. Nilipofika Kisumu na begi moja la nguo na maboksi mawili ya vitabu vya mitumba, nilikuwa nimeshajiambia kwamba dunia ilinipunja kwanza, na mtu aliyepunjwa akipunja kidogo anarudisha tu kilicho chake. Niliisoma hoja hiyo ndani yangu kila asubuhi kama mtu anavyosoma gazeti. Lakini angalia ni nani nilikuwa nawadai. Aliyenifukuza shambani hakuwahi kununua maharagwe Otonglo. Walionunua walikuwa kina mama wa kupika barabarani.

Mmoja wao alikuwa Dani Akinyi. Wakati huo alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye mikono ya mwanamume. Alikuwa anapika nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja, akiwauzia madereva wa malori na wanafunzi. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja kwangu: gorogoro nne za mahindi, mbili za maharagwe. Viganja sita vya nyongeza. Viganja kumi na viwili vimekwenda. Alikuwa ananiambia, "Ero kamano, Baba Njoroge," ambayo ni asante kwa lugha yao, na mimi nilikuwa naipokea asante hiyo na kuitia mfukoni.

Miaka mitatu hivi.

Kisha zikaja zile fujo. Sitakuandikia mengi kuhusu siku hizo, kwa sababu watu wa hapa walioumizwa ni wengi kama sisi, na wengine waliumizwa na wale waliopaswa kuwalinda. Nitaandika yaliyo yangu. Kibanda kilivunjwa mchana, saa nane. Nilikuwa nimejificha na mama yako na kaka yako Njoroge, aliyekuwa na miaka mitano, nyuma ya choo cha soko. Nilisikia magunia yakiburutwa. Nilisikia watu ninaowajua kwa sauti. Kisha Dani Akinyi akatokea pembeni ya choo na karai la kuni kichwani, akasema bila kututazama, "Fuateni nyuma. Msikimbie. Mtu akikimbia ndio wanaona."

Alituweka kwenye jiko lake la nje, lile la udongo, akapanga kuni mlangoni mpaka juu. Vijana walikuja kesho yake. Nilikuwa nimemziba Njoroge mdomo. Mmoja aliuliza, "Mama, hapa kwako hakuna watu?"

"Kuna mimi na kuku," akasema. "Mnataka nani kati yetu?"

Wakacheka. "Mama, sisi hatutaki fujo na wewe."

"Basi nendeni mniache nipike. Mkirudi na njaa mje na pesa, leo hakuna ya bure."

Wakaenda. Aliwadanganya watu wenye mapanga, usoni kabisa, na sijawahi kuona uongo ndani yake. Mimi kwa miaka kumi na saba nimesimama madhabahuni nikitaja mambo ya kweli, kiganja, nyongeza, baraka, na kila nilichosema kilikuwa uongo. Nimefikiri sana jinsi hilo linavyowezekana. Nadhani uongo na ukweli hujulikana mtu anapouliza ni nani atakayenufaika na maneno hayo.

Asubuhi ya siku ya tatu aliingia na sufuria yake kubwa, na mkononi alikuwa na kopo langu. Alisema amelikuta barabarani, mbele ya kibanda kilichovunjwa. Kila kitu kingine kilikuwa kimebebwa. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kupima mahindi yake mwenyewe, ya kutupikia sisi, kwa kopo langu. Moja. Mbili. Akasimama. Akaligeuza kopo juu chini, akaliweka mbele ya magoti yangu, akabisha pale kwenye bonde kwa kidole, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango.

"Baba Njoroge. Unafikiria mimi sijui kupima?"

Mama yako alifumba macho.

"Mimi napika nyoyo tangu nikuwe msichana," akasema. "Ona hii sufuria. Ona huu msumari wa mkono wa sufuria, wenye unatokea ndani. Nikinunua kwa yule mama wa Maseno, gorogoro nne na mbili, nyoyo inafika hapa kwa msumari. Nikinunua kwako inafika hapa." Akaonyesha upana wa kidole kimoja chini ya msumari. "Wiki ya kwanza nilijua. Nikasema labda mahindi ni mbichi. Wiki ya pili nikasema, hapana, ni huyu mtu wa Mungu."

Nilimwuliza jambo la kipumbavu. Nilisema, "Kwa nini uliendelea kununua kwangu?"

"Kwani ningeenda wapi? Wote mnagonga! Wewe ulikuwa unagonga kidogo." Akacheka, na Njoroge naye akacheka kwa sababu alimwona anacheka. "Na ile nyongeza yako nilikuwa naipenda. Sio mahindi. Ile sura yako ukiimwaga. Jioni nilikuwa naiga hiyo sura kwa majirani, watu wanaanguka."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Otonglo nzima ilikuwa inajua. Mzee Nyongeza. Lilikuwa jina la dhihaka, na mimi nilikuwa nalivaa kama koti la harusi.

Nikasema, "Sasa kwa nini unatuficha?"

Hapo hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Unafikiria nilikuficha kwa sababu ya hiyo kiganja yako? Mimi nimekuficha kwa sababu walikuwa wanataka kukuua. Mambo ya kopo nilishakusamehe kitambo. Kila Jumatatu nilikuwa nakusamehe, Alhamisi nakusamehe tena, ndio niweze kula. Sasa nisaidie kuchagua maharagwe, kuna mawe."

Tulichagua maharagwe. Ile nyoyo alipoipika nilikula huku machozi yakiingia sahanini, na sitakuambia yalikuwa ya toba, maana sina hakika. Sehemu kubwa yalikuwa ya aibu ya mtu aliyekamatwa. Sikumwomba msamaha. Alikuwa ameshanipa, nikaona si lazima kuuomba. Mtu akishakupa kitu, ukikiomba unaonekana mjinga. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nilifunga mdomo, na siku ya nne gari la polisi likatuchukua.

Sasa sehemu inayonuka zaidi.

Tulipokuwa tumelala kwenye uwanja wa kanisa na familia nyingine, mchungaji mmoja alipita akiandika habari za watu. Akaniuliza, "Mzee, unafikiri kwa nini yule mama aliwaficha?" Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu siku mbili kabla. Nikasema, "Labda kwa sababu nilikuwa namwongezea kiganja kila akinunua."

Nilisema labda, Akinyi. Mara ya kwanza nilisema labda.

Mchungaji akaipenda. Jumapili akanisimamisha. Mara ya pili labda ilikuwa imeanguka njiani. Mara ya tatu Dani Akinyi alikuwa amesema mwenyewe, "Nakumbuka mkono wako." Nani alimtia maneno hayo mdomoni? Mimi. Watu walilia. Walileta blanketi, unga, godoro, na kodi ya miezi sita ya chumba hiki tulichoanzia Nyalenda. Tulilala juu ya hadithi hiyo. Ulizaliwa juu ya godoro hilo.

Hadithi ilipofika Milimani, kwa matajiri, ikawa hodari zaidi. Kulikuwa na mzee wa kanisa huko, mwenye uwanja mkubwa na magari matatu, ambaye alikuwa ananialika kila kulipokuwa na harambee. Alikuwa ananitengenezea chai mwenyewe. "Baba Njoroge," alikuwa ananiambia tukiwa bado sebuleni, "leo irefushe pale mahali pa kiganja. Pale ndipo wanafungua mifuko." Kisha nikisimama kusema alikuwa analia machozi halisi, mtu huyo huyo aliyejenga madarasa ya shule bila nondo, watoto wakahamishwa kabla kuta hazijadondoka. Nilikuwa namdharau. Nilirudi nyumbani na bahasha yake nikimdharau njia nzima. Ilinichukua miaka kuona kwamba alinipenda kwa sababu alinitambua. Ushuhuda wangu uliwaambia watu wa aina yake kile walichotamani kusikia: kwamba ukiongeza kidogo juu, mbele za watu, Mungu haangalii kitako.

Hicho ndicho kinachonichukiza katika dini yetu, binti yangu, na nasema yetu kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokitengeneza. Tumepewa msamaha bure na tumeugeuza kuwa malipo. Nilitendewa wema nisioustahili na mtu niliyekuwa namwibia, nami nikazunguka Kisumu nzima nikisimulia kwamba niliustahili. Kumwibia nafaka ilikuwa dhambi ya mtu mwenye njaa na hasira. Lakini baadaye nilimwibia ule msamaha wenyewe, nikauandika kwa jina langu. Alibaki mama mwenye kumbukumbu nzuri ya mahindi. Mimi nikawa mtu mwema.

Na jina lako.

Unajua desturi ya kwetu. Binti wa kwanza ni wa mama wa baba, na mama yangu alikuwa ameshapata jina lake kwa yule dada yako aliyefariki mchanga. Wewe ulipaswa kuwa Wairimu, mama wa mama yako. Nilipomwambia nyanya yako kwamba utaitwa Akinyi, alishusha kikombe.

"Umempa mjukuu wangu jina la jirani?"

"Alituokoa, mama."

"Basi mnunulie mbuzi! Jina si la kulipia watu."

Hakunisemesha mpaka ukaanza kutembea. Na leo naona alikuwa ameniona hadi ndani. Nilikupa jina hilo kama nilivyokuwa naweka kiganja. Nilitaka lionekane. Nilitaka kulipa kwa jina la mtoto deni la neno moja ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema. Shuleni walikucheka, mtoto wa Mkikuyu mwenye jina la Kijaluo, ukaja ukilia, nikakukalisha hapa nikakusimulia kiganja. Ulifuta machozi ukaenda ukiwa umeinua kichwa. Uliinua kichwa kwa uongo wangu. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo ninalokuomba unisamehe wewe, maana hilo nililifanya kwako.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mchungaji wetu. Nilimweleza yote, kopo, nyundo, msumari wa sufuria. Nilimwambia Jumapili ijayo nataka kusimama nirudie ushuhuda wangu kama ulivyokuwa. Alinisikiliza vizuri. Aliniombea. Kisha akasema, "Mzee wangu, huo ushuhuda umebariki watu wengi. Wengine wameokoka kwa huo. Kwa nini uuvuruge? Hiyo ya kopo ni yako na Mungu."

Nikasema, "Ni yangu na Dani Akinyi."

"Si umesema alishakusamehe?"

"Ndiyo."

"Basi!" Akapiga mikono pamoja, kama mtu anayekung'uta unga. Tulipofika mlangoni akashusha sauti. "Na fikiria msichana. Kamati ya kanisa imepitisha karo yake kwa sababu ya ile barua aliyoandika juu ya kiganja chako. Wakisikia mengine, mimi sitaweza kuwazuia. Unataka kumharibia mtoto kwa ajili ya kopo la zamani?"

Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani kwa miguu na swali hilo. Nimelipitisha kichwani tangu asubuhi, na sijifanyi kwamba ni jepesi. Mchungaji si mtu mbaya. Aligonga taratibu tu, mahali ambapo hakuna anayeona, na juu akaniwekea sala.

Nitasimama, Akinyi. Nakuandikia leo ili usilisikie kwa simu ukiwa bwenini katikati ya watu usiowajua. Huenda karo ikasimama siku hiyo hiyo. Ikisimama, mama yako na mimi tumezungumza mchana huu. Ana kibanda chake cha mboga, mimi nina vitabu vyangu vya kuuza na bado nina mikono, na Njoroge amesema atasaidia. Huenda ukarudi nyumbani muhula mmoja. Huenda miwili. Utakuwa na haki ya kunikasirikia, na sitakuambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu ni mapenzi ya nyundo yangu. Lakini siwezi kukupeleka kwenye vitanda vya wagonjwa ukiamini kwamba watu huokolewa na viganja vyetu. Utachoka upesi sana. Na siku utakapokosea dozi, kwa sababu utakosea siku moja, hutajua pa kwenda na kosa lako. Utalificha chini na kuweka tabasamu juu, kama baba yako.

Mimi nimesoma vitabu vingi kwa mtu wa kibanda cha nafaka, na sijakuta ndani yake namna bora ya kumshukuru aliyekusamehe kuliko kusema wazi alichokusamehe. Nimechelewa miaka kumi na saba kulijua jambo ambalo mtoto wa darasa la pili analijua.

Kesho basi lako linapita Otonglo. Nimemwomba kondakta atushushe hapo saa moja. Kuna jingine saa tatu, utafika kabla lango la chuo halijafungwa. Utaniona nimevaa koti. Ndiyo, nakuja na wewe mpaka hapo tu.

Kopo bado analo. Hukuwahi kujua ni langu, lakini umelishika mara nyingi, lile analopimia nyoyo. Mwaka ule ule alikinyoosha kitako kwa mchi, akipiga kutoka ndani, na kwa kuwa ana mikono ile alipitiliza. Sasa kimetoka nje. Ndiyo maana halikai sawa mezani, linayumba, na kila anayenunua kwake anapata zaidi kidogo ya kipimo bila kuonyeshwa. Hana haja ya kuongeza kiganja. Niliwahi kumwona mteja akilalamika, "Mama, wewe huna nyongeza?" Akajibu, "Iko ndani, kula utaiona."

Macho yake hayasomi tena, na mimi nikianza kusema kwa mdomo nitapamba, najijua. Kwa hiyo naomba umsomee wewe barua hii, kwa Kiswahili hiki hiki, yote, pamoja na mahali nilipomwita mwenye mikono ya mwanamume. Nitakaa pale kwenye kigoda, mbele yake. Akicheka, usisimame. Ukifika kwenye kitako, usiruke kwa kunionea huruma, na usiharakishe.

Kaa upande wake wa kushoto. Sikio hilo ndilo linalosikia.

Baba yako